Mpishi Aliyelaza Vikombe

Ukitaka kumkera jirani yetu, uite kinywaji chake chai. Mwiko ungesimama hewani, angekutazama juu ya miwani iliyofungwa kwa uzi, na kungoja. "Humu kuna jani la chai?" angeuliza. Ungesema hakuna. "Basi siyo chai." Na asingekumiminia mpaka ujirekebishe, hata kama wewe ni mwenyekiti wa mtaa na meno yanagongana kwa baridi.

Alikuwa amewapikia mapadre kwa miaka mingi kabla sijamfahamu, na aliporudi kukaa mtaani kwetu Kasense, mjini Sumbawanga, jina la kazi lilimfuata. Mtaa mzima tulimwita Mpishi. Yeye naye aliwaita watu kwa kazi zao: mimi nilikuwa Fundi, kwa sababu ya cherehani yangu, na mama yangu, ambaye hakuwa na kazi zaidi ya shamba la maharage na sisi wanawe, alikuwa Mama tu. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa michongoma ambao kuku wake hawakuuheshimu hata siku moja.

Kinywaji chenyewe kilikuwa cha maepo. Vitabuni wanasema matufaha. Sokoni kwetu ukisema matufaha watakuuliza unatafuta nini. Mti ulikuwa mmoja tu mtaani, nyuma ya jiko lake, alioupanda kutokana na mche aliopewa misheni siku aliyostaafu. Ulizaa maepo madogo ya kijani, yenye madoa, makali ya kukunja uso. Aliyachuma mvua zikielekea kwisha, akayapanga kwenye sanduku la mbao kwa majani makavu, bila epo moja kugusana na lingine, na sanduku akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Huko yalikaa yakilainika na kupata utamu mpaka kipupwe kianze. Ukiingia chumbani kwake mwezi wa tano ulikutana na harufu ya matunda gizani, na yeye angekuambia usipige kelele, yanalala.

Kipupwe cha Ufipa siyo cha kumsimulia mtu wa Dar, atadhani unatia chumvi. Upepo unaanza kama saa tisa mchana, unatoka upande wa milima na kupita juu ya mashamba yaliyovunwa bila kitu cha kuuzuia. Hapo ndipo Mpishi alipowasha jiko la mkaa. Alikata maepo vipande vinne vinne, na maganda yake, akayachemsha mpaka yakavunjika yenyewe. Akayaponda kwa mwiko, akayachuja kwa kitambaa ambacho nilimshonea mimi na ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukifua. Maji yale yenye rangi ya asali aliyarudisha sufuriani, akatia mdalasini wa vijiti, tangawizi iliyopondwa, iliki mbili tatu, karafuu za kuhesabu, na asali ya porini badala ya sukari. Mwishoni alitia chumvi, chembe chache kati ya vidole viwili, huku akigeuka kukupa mgongo usione kiasi gani.

Wanawake wa jumuiya walimwomba vipimo mara nyingi. Aliwapa, kila mmoja vyake. Nilipomuuliza kwa nini, yeye aliyekuwa anachukia uongo kuliko panya, alisema hakudanganya, kila mwanamke ana sufuria yake. Kuhusu uongo hakuwa na mzaha. Aliwahi kumrudishia muuza mayai mzigo wake hadi nyumbani kwake, mbali, kwa sababu alisema mayai ni ya jana na Mpishi alipoyatia majini moja likaelea. Alimfuata hadi mlangoni kumwambia kwamba shida siyo yai, shida ni "jana".

Miaka yake ya mwisho kulikuwa na mambo mawili ambayo tulimcheka kwayo, mimi na mama. La kwanza ni kwamba alituchelewesha. Harufu ya karafuu na maepo ingevuka michongoma, tungevaa masweta na kujikunyata mlangoni kwetu tukingoja kuitwa, na tungengoja saa nzima. Kwake mtu hakwenda bila kuitwa. Hiyo ilikuwa sheria na aliitamka mara moja tu. Mama alisema labda anakunywa kwanza mwenyewe yote anayotaka. Lakini Mpishi hakukinywa kinywaji kile. Katika miaka yote sikumwona akikitia mdomoni, alikijaribu kwa pua.

La pili ni ngazi. Mlango wake wa mbele ulikuwa na ngazi mbili za saruji, na kila tulipofika kwa ajili ya kinywaji tulizikuta zimelowa, zimetoka kufutwa, na tambara limeanikwa kwenye ukingo wa dirisha. Zilifutwa hivyo siku ya kunywa tu. Siku nyingine zote kuku walizifanyia watakavyo naye hakujali.

Sasa nije kwenye vikombe, maana ndivyo vilivyomfanya aogopwe. Mezani kwa mapadre, alisema, vikombe hupangwa vikiwa vimefudikizwa ili vumbi lisiingie, na cha mtu hugeuzwa mtu mwenyewe akionekana mlangoni. Kukifudikiza aliita kukilaza, kukigeuza aliita kukiamsha. Alileta desturi hiyo nyumbani, na kila mtu wa karibu alikuwa na kikombe chake mezani kwa Mpishi. Changu kilikuwa cheupe chenye ufa. Cha mama kilikuwa na ua jekundu lililofifia. Tofauti ya Mpishi na mapadre ni kwamba yeye aliamsha kikombe kabla mtu hajaonekana.

Ungekuwa umekaa naye, watu wawili, vikombe viwili macho. Katikati ya maneno angenyoosha mkono na kuamsha cha tatu, bila kukatisha sentensi, na kabla hujamuuliza ungesikia hodi. Mara moja alikuwa fundi wa umeme asiyemfahamu mtu yeyote mtaani, aliyeomba ngazi ya kuazima. Mara nyingine alikuwa katekista aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda Namanyere na basi likamwacha. Kikombe chake kilikuwa kinafuka moshi alipoingia, naye akasita kukishika.

Watu wa mikoa mingine wakishuka basi Sumbawanga hutazama juu kwanza, wakitegemea kuona wachawi wakipita na ungo. Nimewachoka. Kwa hiyo mtaani walipoanza kunong'ona kwamba mzee wa watu ana lake jambo, mimi nilikuwa mstari wa mbele kumtetea. Kazi yangu ni kupima. Kitu nisichoweza kukizungushia utepe huwa sikisumbukii. Nilisema mzee anakaa akitazama dirisha, mbwa wa mtaani wanabweka kwa zamu, na mtu aliyetumikia meza miaka yote hiyo ana masikio ya paka. Nilikuwa na mfano mzuri pia. Kulikuwa na mama mmoja wa Kabwe aliyeleta migebuka kutoka ziwani kila kipupwe, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza nyumba. Mwaka mmoja alipiga simu kwamba yuko njiani, na Mpishi akakiacha kikombe chake kimelala tukiwa tunamwangalia, akasema haji. Hakufika. Mtaa ukaanza kumlilia. Baada ya wiki tatu tukapata habari zake: ameolewa Kigoma na amenenepa. Nilicheka sana. Nilimwambia Mpishi kipimo chake kina hitilafu.

"Nilisema amekufa?" akajibu. "Nilisema haji."

Kikombe kilichotuhusu sisi kilikuwa cha nne mezani, chenye ukingo wa buluu. Kilikuwa cha mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa mrefu, mzembe kidogo, na mguu wake wa kushoto ulitazama nje tangu alipoanguka na baiskeli utotoni, kwa hiyo suruali zake nilizishona mguu mmoja mpana kuliko mwingine. Mwaka huo, mvua zikiwa bado kali, alishuka bondeni kwenda Mtowisa kutafuta mpunga wa kuja kuuza mjini. Lori lilikwama mtoni, mto ukiwa umejaa. Dereva alisema mdogo wangu alivua viatu akaingia majini kutafuta msaada ng'ambo, na hawakumwona akitoka. Watu wengine walisema alitoka vizuri, kwamba wafugaji walimwona upande wa pili wa ziwa la bondeni akichunga ng'ombe wa Wasukuma, mguu ukiwa vile vile. Kaka zake mama walishuka kumtafuta na kurudi na hadithi zote mbili. Mwili haukupatikana. Simu yake haikuita tena.

Tangu hapo maisha ya mama yalikuwa yanangoja jibu moja, na jibu hilo alilitafuta mezani kwa Mpishi. Kila kipupwe tulipoitwa aliingia, akaamkiana na Mpishi kwa Kifipa, kisha akatazama kikombe chenye ukingo wa buluu kabla hajakaa. Kilikuwa kimelala. "Bado yuko njiani," alisema mama, na uso wake ulilegea kabisa, maana aliamini aliyekufa hachelewi njiani. Alikunywa polepole, akasifu karafuu. Tukirudi nyumbani alitoa blanketi la mdogo wangu kabatini na kulianika juani, akalikunja tena, na kuishi mwaka mwingine. Hakukubali misa ya marehemu isomwe. Hakuruhusu mtu kulalia kitanda kile. Binamu yetu aliyekuja kusoma mjini alilala chini kwenye mkeka, pembeni ya kitanda kilichotandikwa.

Mimi nilikuwa nimekwisha kumzika mdogo wangu moyoni, nasema kweli. Nilikasirika kwamba mama hawezi kufanya hivyo, na hasira hiyo niliipeleka kwa Mpishi, kwa sababu kikombe kile kilimpa mama tumaini ambalo niliona ni sumu. Kipupwe cha pili baada ya msiba ule usiokuwa msiba, nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka shingo inanisisimka. Tulikuwa tumekwisha kunywa, mama ametangulia nyumbani, Mpishi ametoka nyuma kuongeza mkaa. Nikakishika kikombe cha mdogo wangu na kukiamsha. Nilitaka aingie akikute hivyo, nimwambie: umeona, ni kikombe tu, hakuna kitu kinachotokea.

Mpishi aliingia na bakuli la mkaa. Akakiona. Sikuwahi kumwona mtu akibadilika rangi namna ile, akawa wa kijivu kama jivu la jikoni. Hakunigombeza. Aliweka bakuli chini, akaenda kufungua mlango wa mbele, akasimama hapo upepo ukimpiga kwa muda ambao ulinitosha kujuta na kuogopa. Nje hapakuwa na mtu. Nilichungulia, hapakuwa na mtu. Kisha akarudi, akakilaza kikombe kwa mikono miwili.

"Fundi," akasema, "usimwite mtu kama huwezi kumkaribisha."

Kesho yake asubuhi, tukichambua maharage, mama aliniuliza kama nilimsikia mtu akizunguka nyumba yetu jana jioni, taratibu, kama anayetafuta mlango. Nikamwambia ni ng'ombe wa jirani. Mama akasema ng'ombe ana miguu minne. Kwa muda mrefu baada ya hapo sikugusa kitu mezani kwa Mpishi ila kikombe changu.

Alikuwa na mengi mengine, na ningependa kuyasema hayo kuliko hili linalofuata. Alikuwa mtu wa kanisa asiyeweza kumaliza mahubiri. Padre akizidisha, yeye alitoka nje na kurudi wakati wa sadaka, akieleza kwamba alikwenda kuangalia moto, ingawa hakuna moto uliokuwa ukiwaka popote. Aliwapikia wazungu kila aina ya nyama na michuzi, lakini yeye alikula ugali wa ulezi na maharage, mchana na jioni, na ulipomkaribisha pilau alikula kijiko kimoja kwa heshima kisha akauliza kama kuna ugali. Alijua kushona vifungo vizuri kuliko mimi. Alinifundisha kupiga pasi kola bila kung'arisha kitambaa, kwa kulowesha gazeti. Alipougua mama homa ya mapafu, alikaa naye siku nne akimlisha uji, na mama alipopata nafuu na kumshukuru alikasirika, akasema uji ulikuwa na mabonge. Kumshukuru ilikuwa kama kumtukana. Nilimpenda. Nilikuwa namwogopa kidogo na nilimpenda, na mambo hayo mawili hayakugombana.

Kipupwe cha mwaka jana magoti ya mama yalikataa kabisa. Hata kuvuka ua wa michongoma ilikuwa safari. Harufu ilipotufikia, alikuwa amekaa kwenye kiti chake jikoni, amejifunga kitenge juu ya sweta, na akanipa kazi ya kwenda badala yake.

"Akikuita, nenda ukaangalie," alisema. "Uje uniambie kimelala au kimeamka. Usinifiche, mwanangu. Mimi nimezeeka, nataka kujua kabla."

Nilikuwa na sare za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu, rundo zima. Kungoja saa nzima kwa ajili ya desturi za mzee niliona ni kupoteza mwanga wa mchana. Nikasema ngoja niende sasa hivi, nitazame, nirudi kwenye cherehani. Sikuitwa. Nilikwenda kwa harufu tu.

Mlango ulikuwa wazi. Nilipiga hodi huku napanda, kama tufanyavyo kwa mtu wa nyumbani, na mguu ukateleza. Nikatazama chini. Ngazi zilikuwa na tope. Sisi wa juu huku udongo wetu ni mwekundu, na kipupwe ni mavumbi matupu, kuna wiki nyingi bila tone la mvua. Tope lile lilikuwa jeusi, zito, la kunata, la bondeni, na lilikuwa bichi. Ngazi ya chini ilikuwa na unyayo mmoja, ya juu ilikuwa na mwingine. Miguu mitupu. Wa kushoto ulitazama nje. Nyayo zote zilikuwa zinaingia, za kutoka hazikuwepo.

Mpishi alikuwa amekaa mezani, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeko kanisani. Kikombe changu kilikuwa kimelala. Cha mama kilikuwa kimelala. Chenye ukingo wa buluu kilikuwa macho, kimejaa mpaka juu, mbele ya kiti kilichovutwa kidogo kutoka mezani. Upepo wa mlangoni ulikuwa unapeperusha kitambaa cha meza, lakini mvuke wa kikombe kile ulipanda, ukapinda ukizunguka kitu, kisha ukaendelea kupanda.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, maana sikuwa na neno lingine mdomoni.

"Marahaba. Umewahi, Fundi." Hakuonekana kushangaa. Alionekana kuchoka tu. "Kaa hapo kwenye sanduku. Usipite mbele yake, anapasha mikono."

Nikakaa. Tulikaa sisi, naomba nisihesabu tulikuwa wangapi, mpaka mvuke ukapungua na kuisha. Kiti kikalia kidogo, kama mbao zinavyolia mtu mzito akiinuka. Basi. Mpishi alichukua kikombe, akatoka nacho nyuma, nikamsikia akikimwaga kwenye shina la mti wa maepo. Alirudi akakiosha, akakifuta, na kukilaza mahali pake, ukingo wa buluu chini, kama nilivyokikuta miaka yote.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kipupwe cha kwanza."

"Kila mwaka?"

"Siku ninayopika, kila mwaka. Nadhani ni harufu inamleta. Mwaka wa kwanza niliamsha nikadhani anakuja mzima. Nikafurahi, Fundi. Nilitaka kuwaita ninyi muone. Nikaenda mlangoni nikakuta tope peke yake kwenye ngazi." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Simwoni. Usiniulize sura. Anakaa, anapasha mikono, mvuke ukiisha anaondoka. Anakuwa na baridi sana."

Hapo hasira ilinipanda, na naona aibu kuiandika lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia kwamba mama yangu ameanika blanketi la maiti miaka yote hiyo. Nilimwambia yeye, aliyemfuata muuza mayai hadi kwake kwa ajili ya neno moja, ametudanganya machoni kila kipupwe, amelaza kikombe cha mtu aliyekwisha kufika.

"Ndiyo," akasema. "Nimedanganya. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakiacha macho, Mama aingie akione. Halafu namsikia anakohoa upande wa pili wa ua, anauliza kama mmeitwa. Nikakilaza." Akarudisha miwani machoni. "Wewe ungefanyaje?"

Mpishi akainuka, akachukua tambara kutoka dirishani, akalichovya kwenye ndoo na kulikamua. Niliona kwamba kupiga magoti kwake sasa ni kazi. Nikamnyang'anya. Nilifuta ngazi ya juu, nikafuta ya chini. Tope lilikuwa la baridi mno, nalo lilinuka maji ya mto na mpunga mbichi. Unyayo ule wa kushoto niliuangalia muda mrefu kabla ya kuufuta. Kisha nikalia, nikiwa nimeinama, na Mpishi akanipa nafasi kwa kujifanya anatafuta mfuniko.

Nilipomaliza alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chenye ukingo wa buluu amekifunga kwenye gazeti, akanikabidhi.

"Mwakani sitapika," alisema. "Najijua. Sitaki mtu atoke kule kote afike akute mlango umefungwa. Mti ni wako, chimba vizuri usikate mizizi, au njoo uchume hapa hapa, kuku hawatakuzuia. Sanduku liko uvunguni. Chumvi ni chembe saba." Ilikuwa mara ya kwanza kutaja kiasi cha chumvi. "La kumwambia mama yako ni lako. Mimi langu nimelisema."

Nilivuka ua, kikombe nimekificha ndani ya sweta. Mama alikuwa vile vile kwenye kiti, amegeukia mlango.

"Kimelala au kimeamka?"

Nilikuwa nimekuja na ukweli mdomoni. Niliamini naweza. Nilimtazama magoti yake yaliyovimba, na kitenge, na uso ule ambao tayari ulikuwa umejiandaa kupigwa, nikasema, "Kimelala, mama."

"Basi yuko njiani," akasema, na uso ukalegea. Akaniomba nimtolee blanketi.

Mpishi alifariki mvua zilipoanza kukolea, usingizini, jikoni kwake kukiwa kumefagiwa. Maziko yalijaa watu, pamoja na wale walionong'ona. Mama wa Kabwe alikuja kutoka Kigoma, mnene kweli, akalia kwa sauti ya kujaza makaburi. Nyumba ilichukuliwa na mpwa wake, ambaye aliniruhusu kuchuma maepo na kuchukua sanduku, kitambaa na vikombe vyetu viwili.

Jana kipupwe kilikuwa kimeshika barabara, nikapika nyumbani kwetu. Mama alikuwa chumbani, maana siku hizi haamki bila kuinuliwa, na mlango wake niliufunga baridi isiingie. Nilikata vipande vinne vinne, nikaponda, nikachuja kwa kitambaa kile kile. Chembe za chumvi nilihesabu saba. Vikombe nilivipanga vitatu mezani, vyote vimelala, na sikuamsha chochote. Nilitoka nyuma kuchukua mkaa. Niliporudi chenye ukingo wa buluu kilikuwa macho.

Niliogopa, siwezi kusema sikuogopa. Lakini nilikumbuka nilichoambiwa, na safari hii nilikuwa na cha kumpa. Nikaenda kufungua mlango wetu wa mbele, juu ya ngazi za mawe, kwa upana wake wote, upepo ukaingia na vumbi.

"Karibu, mdogo wangu," nikasema. "Karibu ndani, pole na safari."

Nikavuta kiti. Nikammiminia mpaka juu. Nilikaa upande wa pili wa meza, nikamweleza habari za nyumbani kwa sauti ya chini: shamba, binamu aliyemaliza shule, suruali yake ambayo bado ninayo. Mvuke ulikuwa unapinda. Ulipokwisha na kiti kikalia, nilimwaga kikombe nje, nikakiosha, nikakilaza. Kisha nikachukua ndoo na tambara.

Nilipokwenda kumwinua mama alikuwa amekwisha kujifunga kitenge, amekaa kitandani, anangoja.

"Mbona umechelewa kuniita?" akauliza. "Harufu nimeisikia muda."

"Nilikuwa nafuta ngazi," nikasema.